Zamu ya Maji, Dakika ya Sabini na Moja

Uwanja wa Benajara umechongwa ubavuni mwa mlima
kama rafu ya vyombo.
Upande huu ukuta wa mawe, upande ule korongo,
na chini korongoni kila Jumapili hukaa mtoto wa Remedios,
kazi yake kungoja mipira inayoanguka kutoka mbinguni.
Senti hamsini kwa mpira.
Siku tukicheza vibaya, anapanda tajiri.

Leo wamekuja watu wa pwani.
Basi lao limemaliza kona sitini na nne
(nilizihesabu mwaka wa kwanza, kichwa nje ya dirisha),
wakashuka na nyuso za kijani kama maparachichi wanayolima.
Mechi ikachelewa dakika kumi na nne, kwa ajili ya kutapika.
Kumbuka hizo dakika.

Kwenye kibendera cha kona, kabla ya kupiga,
unaona vyote mara moja:
theluji ya Mei kileleni, matuta ya milozi,
paa bapa za udongo wa kijivu,
halafu mashamba ya plastiki, yanayong'aa
kama bahari ya pili iliyoitangulia ya kwanza,
na siku isiyo na vumbi, ng'ambo,
uzi mwembamba wa Afrika.
Driss ndiye hupiga kona zetu.
Siku sita yuko chini ya ile plastiki na nyanya,
ya saba hupanda kwa pikipiki, maana kijiji kizima
kimebakiwa na wanaume tisa wanaoweza kukimbia.
Akitenga mpira, huuangalia mpira tu.

Mara ya kwanza niliposikia kikongwe mmoja akisema *fulano*,
niligeuka kama niliyeitwa kwa jina.
Fulani! Hapa! Na sukari yao ni sukari yetu,
na *hasta* yao ni hata, imejifunga kilemba kingine.
Waliowaachia maneno haya walifukuzwa zamani,
wakashuka na vitanda vyao mgongoni.
Mfereji waliouchimba haukufukuzwa.
Unaendelea na ratiba.

Eufrasio, golikipa, miaka arobaini na saba,
alimwambia kocha Alhamisi.
Jumamosi akamkumbusha.
Kabla ya filimbi akamwonyesha saa ya mkononi:
saa kumi na moja na dakika arobaini, maji ni yangu,
na yakinipita, hayarudi mpaka siku ya kumi na moja.
Kocha akasema tutaona.

Moja kwa moja. Dakika ya sabini na moja.
Eufrasio akavua glavu, akazitundika kwenye mwamba,
akaruka ukuta, akaenda kufungua lango jingine.

Mshambuliaji wa pwani akabaki na mpira mguuni
na goli tupu mbele yake, kama mtu aliyekuta
nyumba wazi na hakuna wa kumpigia hodi.
Akamtazama refa. Refa akapekua kijitabu chake:
maji hayakutajwa.
Basi akaufunga, taratibu, kwa adabu,
kama mtu afungaye mlango wa chumba cha mgonjwa.

Driss akavaa glavu. Zilimpwaya.
Na goli lile linatazama kusini;
ukisimama pale huna pengine pa kuweka macho.
Dakika kumi na tisa alisimama hivyo,
nyuma yake maji yakianza kuongea kati ya mawe.
Aliokoa mawili. La tatu lilipita juu
akalisindikiza kwa macho mpaka mbali,
mbali kuliko mpira ulikokwenda.

Mbili moja, wao.
Eufrasio akarudi na matope hadi magotini.
"Ngapi?" akauliza.
Tukamwambia.
"Haya. Hata ule mlozi wa mwisho umekunywa."

Mtoto wa Remedios alipanda na mipira minne,
akadai euro zake mbili.
Mweka hazina akampa moja.
Nyingine, akasema, zamu ijayo.